Rekodi Moja, Watu Wawili

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika tano asubuhi, mhandisi akiwa kwenye chumba cha mikutano ghorofa ya nne, na mwanzoni ulimchekesha.

"Wifi," dada wa mumewe alimwandikia, "niko dirishani hospitali, mfumo wenu umenipa mimba. Unasema ya wiki thelathini na nane na leo saa nne napasuliwa. Mume wangu anataka kuonana uso kwa uso na huyo mfumo."

Alifunika mdomo ili mkurugenzi asimwone akicheka. Wifi huyu alikuwa hana mimba. Mwenye mimba alikuwa pacha wake, ambaye tangu jana alikuwa amelazwa hospitali kubwa ng'ambo ya pili ya mji, akisubiri kujifungua kwa upasuaji kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na madaktari waliogopa kwamba atapoteza damu nyingi. Nyumbani pacha hawa waliitwa Mkimya, huyu aliyetuma ujumbe, na Kicheko, huyu mjamzito, na aliyekaa nao robo saa hakuhitaji kuelezwa yupi ni yupi. Mmoja mrefu, mwingine mfupi mwenye mashavu. Sura hawakufanana hata kidogo. Kwenye karatasi ndiko kulikokuwa na kazi. Baba yao aliwapa majina yanayopishana herufi moja tu, akaona amefanya jambo la kupendeza, na toka shule ya msingi makarani wa kila dirisha wamekuwa wakiwachanganya. Tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, la babu moja. Hata namba ya simu waliyoiandika hospitali ilikuwa moja, ya mama yao, kwa kuwa mama pekee ndiye aliyekuwa habadilishi laini kila baada ya miezi miwili.

Mhandisi alianza kujibu ujumbe. Aliandika, "Mpe shemeji pole," kisha kidole kikagoma juu ya kioo cha simu.

Ili mtu aelewe kilichomshtua, lazima ajue kazi yake. Alikuwa mhandisi wa mifumo serikalini. Mama mkwe wake, akiulizwa na majirani, alisema tu, "Anashughulika na kompyuta," na mhandisi alikuwa ameshaacha kumsahihisha. Kwa kweli kompyuta zilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Yeye alitakiwa kutazama kitu kizima, yaani watu, karatasi, mashine na mazoea ya watu, hasa pale mkono mmoja unapoukabidhi mkono mwingine kitu, maana hapo ndipo vitu huanguka. Wenzake walimwita Mama Maswali. Serikali ilipoamua kuziunganisha benki za damu za hospitali kumi na tisa ziwe na mfumo mmoja, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuhakikisha kinachojengwa ndicho kinachohitajika. Kabla ya kuandika neno hata moja alikaa siku nane akiufuata mfuko mmoja wa damu, ambao watu bado wanauita chupa, kutoka mkono wa mchangiaji hadi kitandani kwa mgonjwa, akiandika kila mtu aliyeugusa.

Kazi ya kujenga mfumo wenyewe ilipewa kampuni binafsi. Kampuni hiyo ilileta meneja wake, kijana mtanashati aliyevaa miwani, ambaye kwa kila swali alijibu "hakuna shida," mpaka jina lake halisi likasahaulika na wote wakamwita Hakuna Shida. Hakuwa mtu mbaya, wala mvivu. Alikuja na programu ambayo tayari ilikuwa imetumika kwenye kampuni za bima kwa miaka sita bila lawama, na kuibadilisha ikubali damu badala ya bima lilikuwa, kwa maneno yake, jambo la wiki chache.

Kubwa ambalo mfumo ulileta ni hili. Zamani, kabla ya damu kutoka benki, mtu wa maabara alichukua damu kidogo ya mgonjwa, akaichanganya na ya chupa, akasubiri aone kama zinapatana. Dakika arobaini. Wapo waliokufa ndani ya dakika hizo. Sasa mgonjwa ambaye kundi lake la damu limeshapimwa mara mbili na majibu yakalingana, mfumo ulimwonyesha kwa rangi ya kijani, na chupa ikatoka papo hapo bila kipimo kingine. Watu wa maabara walifurahi. Mhandisi naye alifurahi. Hii ilikuwa siku ya kumi na moja tangu mfumo uwashwe, na asubuhi hiyo walikuwa wamekutana kupanga hotuba ya uzinduzi rasmi.

Sasa alikuwa ameshika simu inayomwambia kwamba mfumo unadhani Mkimya na Kicheko ni mtu mmoja.

Alitoka nje ya chumba bila kuomba ruhusa. Kwenye korido, karibu na mashine ya maji, akapiga simu.

"Wifi, kundi lako la damu ni lipi?"

"Habari yako na wewe," alisema Mkimya. "A. Si nimechangia damu mara mbili mwaka huu? Wamenipa na kadi."

"Na mwenzako?"

"O. Wakati ule tulishangaa, tukaambiwa mapacha wa aina yetu ni kama ndugu wa kawaida tu. Kwa nini? Mbona unahema?"

"Nitakupigia," alisema mhandisi, akakata.

Alisimama akiwa ameegemeza paji la uso kwenye ukuta. Hesabu ilijipanga yenyewe kichwani. Mkimya amepimwa mara mbili, A na A. Kicheko amepimwa mara moja, kliniki ya wajawazito, O. Kama rekodi zao zimefanywa moja, mfumo una majibu matatu, na mawili yanakubaliana. Ungefanya nini na lile la tatu? Alirudi mezani kwake akafungua kompyuta, akatafuta jina la Kicheko. Lilikuwepo. Kundi A. Kijani. Na chini yake, kwa maandishi madogo ya rangi ya kijivu: "Jibu moja lisilolingana limehesabiwa kuwa kosa la uandishi."

Chupa mbili zilikuwa zimeombwa kwa ajili ya upasuaji wa saa nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi na mbili.

Alipiga simu hospitali. Ikaita. Akapiga maabara. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga wodi kumuulizia Kicheko, nesi akapokea, mpole, mwenye haraka.

"Mgonjwa wenu ameshapelekwa thieta, dada. Daktari ana ratiba ndefu, wamemtanguliza."

"Damu yake si sahihi. Tafadhali waambie wasimwekee."

"Kundi liko sawa, dada, nimeliona mwenyewe. Kijani."

"Hicho kijani ndicho kibaya."

"Wewe ni nani hasa?" nesi aliuliza.

Alitaja cheo chake, na alipokuwa anakitaja alisikia jinsi kilivyo hafifu. Nesi akasema atajaribu kumpata mtu wa thieta, akaweka simu chini.

Mhandisi aliinuka kwenda kuchukua mkoba, teksi ingemfikisha huko kwa dakika ishirini na tano. Akiwa ameshavaa mkoba begani, lilimjia wazo ambalo baadaye alisema ndilo lililomtisha kuliko yote. Kicheko alikuwa na wifi anayejua mfumo na pacha ambaye leo tu aliamua kutania. Wengine wana nani?

Akaketi tena. Akaandika mistari michache ya kuiuliza hifadhi ya kumbukumbu: rekodi ngapi zimeunganishwa tangu siku ya kwanza. Jibu lilikuja kabla hajameza mate. Elfu mbili mia tatu na sita. Akauliza, kati ya hizo, ngapi zilikuwa na makundi ya damu yasiyolingana. Sitini na moja. Akauliza, kati ya hizo sitini na moja, wangapi wameombewa damu leo.

Wanne. Kicheko, na watu watatu asiowajua, katika hospitali tatu ambazo nyingine hajawahi hata kuzitembelea. Wawili kati ya hao tarehe yao ya kuzaliwa ilikuwa Januari mosi, tarehe ambayo makarani huwaandikia watu wote wasiojua siku waliyozaliwa. Wangapi nchini wamezaliwa Januari mosi, kwa baba wenye majina ya kawaida?

Hapo ndipo alipoukumbuka mstari wa arobaini na moja.

Katika orodha yake ya maswali ya mradi, mstari wa arobaini na moja ulisomeka: "Rekodi zinazojirudia zinaunganishwa kwa kanuni ipi, na nani anathibitisha?" Alikuwa ameuandika yeye mwenyewe miezi mitano iliyopita. Hakuna Shida alijibu kwamba usafishaji wa rekodi hufanyika wenyewe. Hilo halikuwa jibu la swali, na yeye alijua si jibu. Lakini tarehe ilikuwa imetangazwa, maswali mengine zaidi ya mia yalikuwa yamejibiwa vizuri, majaribio yalifanywa kwa watu mia mbili wa kubuni ambao hakuna hata wawili waliofanana, na yote yakafaulu. Wiki moja kabla ya kuwasha, jioni ya Ijumaa, aliandika mbele ya mstari huo neno moja, "Limefungwa," na chini ya ukurasa akatia sahihi.

Alirudi chumba cha mikutano na kompyuta mkononi, ikiwa wazi. Mkurugenzi alikuwa anasoma rasimu ya hotuba.

"Lazima tuusimamishe mfumo," alisema. "Sasa hivi. Hospitali zote."

Aliwaeleza kwa sentensi tano au sita. Mkurugenzi aliweka karatasi mezani. Alikuwa daktari kabla ya kuwa mkurugenzi, na hakuwa mjinga.

"Ukiuzima," alisema polepole, "kila mtu anayevuja damu saa hizi katika hospitali kumi na tisa atasubiri dakika arobaini. Nao hao ni watu. Kwa nini tusiwapigie hao wanne tu?"

"Wanne ni wa saa hii. Kila karani anapomwandikisha mtu, mfumo unaunganisha. Akiletwa majeruhi wa ajali sasa hivi simjui, na wewe humjui."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, watasubiri dakika arobaini kama walivyokuwa wakisubiri miaka yote. Nikiwa sahihi, tunawaua, mkurugenzi. Sisi wenyewe."

Alimtazama Hakuna Shida, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza. Mfumo haukuweza kusimamishwa na mtu mmoja. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyedai iwe hivyo, ili mtu mmoja mwenye hasira au mlevi asije akaua huduma nchi nzima. Yalihitajika maneno mawili ya siri, la serikali, ambalo alikuwa nalo yeye, na la kampuni.

Kijana yule alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa tai yake, akiifuta na kuifuta.

"Lazima niwaulize makao makuu," alisema.

"Waulize baadaye."

"Herufi moja ikipishana, tarehe moja, simu moja," alisema, kama anayejisemea. "Kule kwenye bima, mtu mwenye kadi mbili alikuwa ama ni kosa ama ni mwizi. Tulisifiwa kwa kanuni ile." Akavaa miwani. "Niliiandika mimi."

Mhandisi aligeuza kompyuta kuelekea kwake. Alikuwa ameshaandika neno lake la siri.

Kijana akaandika la kwake. Skrini ikalikataa. Mikono yake ilikuwa inacheza kama ya mtu mwenye homa. Akaandika tena, skrini ikakataa tena, ikaonya kwamba mara ya tatu mlango utafungwa kwa saa moja. Mkurugenzi alisogeza kiti nyuma, kikakwaruza sakafu, na sauti ile ndogo iliwashtua wote watatu.

"Weka mikono mezani," mhandisi alimwambia. "Pumua. Nitajie herufi kwa herufi, niandike mimi."

Ilikuwa kinyume cha kila kanuni aliyowahi kufundisha. Kijana akamtajia, akinong'ona, herufi kumi na mbili, na ya saba ilikuwa kubwa. Alibonyeza. Skrini ikawa nyeupe kwa muda ambao wote waliuona mrefu, kisha yakatokea maneno: "Utoaji wa damu kwa kijani umesitishwa. Pimeni kwa mkono." Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na sita.

Lakini kusimamisha mfumo hakurudishi chupa iliyokwisha kutoka benki. Waligawana simu. Mkurugenzi alipata hospitali ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, chupa yake ilikuwa bado kwenye jokofu la wodi. Hakuna Shida alipata ya pili. Chupa ilikuwa njiani, wakaizuia mlangoni. Maabara ya hospitali ya tatu haikupokea. Mkurugenzi akasema ataendelea nayo. Mhandisi alikuwa anampigia Kicheko, yaani alikuwa anaipigia ile namba ya mama ambayo pacha wote wawili waliiandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameshamwingiza. Niko hapa benchi namwomba Mungu."

"Mama, nisikilize vizuri. Simama. Nenda kwenye mlango waliomwingizia."

"Pale wameandika ni marufuku kuingia."

"Najua. Ingia."

Alisikia benchi likilia, kisha kandambili zikipiga sakafuni, pah, pah, pah. Mama mkwe wake hakuuliza kwa nini. Miaka kumi na minne walikuwa wamebishana kuhusu chumvi, mapazia na namna ya kumvisha mtoto soksi, na sasa, jambo kubwa lilipokuja, hakuuliza.

"Nimefika mlangoni. Niseme nini?"

Mhandisi alifungua mdomo kueleza makundi ya damu, akaufunga. A na O, mama mwenye hofu anaweza kuyageuza. Alitafuta maneno ambayo hayawezi kugeuzwa.

"Sema: fungeni damu. Basi. Sema hivyo mpaka wafunge."

Alisikia mlango ukisukumwa. Alisikia mtu akisema, "Mama, huku hapana, mama, toka." Alisikia sauti ya mama mkwe wake, sauti ile ile ya kuwaita watu kula, ikisema kwa uthabiti, "Fungeni damu. Fungeni damu. Fungeni hiyo damu." Vyombo viligongana. Mtu akauliza huyu ni nani. Simu ikaanguka, au ikapokonywa, na baada ya hapo kulikuwa na mkwaruzo tu. Mhandisi alikaa sakafuni nyuma ya meza yake, simu imembana sikio, akisikiliza mkwaruzo ule kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Mimi ni daktari wa usingizi. Nani anaongea?"

"Mgonjwa wako ni O. Chupa uliyonayo ni A. Rekodi yake imechanganywa na ya pacha wake."

Mbali na simu, daktari aliwaambia watu jambo kwa sauti ya chini na ya haraka, na aliporudi alisema, "Imeingia kidogo. Kama kijiko cha mezani. Nimefunga. Leteni O, na ipimwe hapa hapa mbele yangu," na simu ikakatika.

Mhandisi alifika hospitali saa nne na nusu. Mama mkwe alikuwa amerudi kwenye benchi, amekaa wima, mikono mapajani. Hakulia.

"Nimemwona mwanangu tumbo liko wazi," alisema. "Sikujua kama mtu anaweza kuona hivyo akabaki amesimama." Halafu akaongeza, "Mtoto ni wa kike. Wamemtoa salama. Mama yake ndiye hawaniambii."

Kicheko alitetemeka siku ile nzima kwa homa ambayo mablanketi matatu hayakuituliza. Mkojo wake ulitoka rangi ya kahawa nzito. Daktari alikuja kila saa, akautazama mfuko wa mkojo kabla ya kumtazama mgonjwa, na ndugu wote wakajifunza kuutazama mfuko ule na kuusoma uso wa daktari. Mkimya hakuondoka kitandani. Alimshika mwenzake mguu juu ya shuka, akawa anamwambia mambo ya kipuuzi, yeye ambaye kwa kawaida alitoa maneno kwa kipimo. Mhandisi alisimama dirishani. Hakuthubutu kukaa karibu.

Siku ya tatu mkojo ulianza kusafika. Daktari alisema figo zimepona, akatabasamu kwa mara ya kwanza, na mama mkwe akaomba chai.

Siku hiyo hiyo ya Jumamosi, mkurugenzi alimpigia simu. Mgonjwa wa hospitali ya tatu, ile ambayo maabara yake haikupokea, alikuwa amewekewa chupa nzima saa moja asubuhi ya Alhamisi, saa mbili kabla ya ule ujumbe wa utani. Alikuwa seremala mstaafu, aliyeandikwa kuzaliwa Januari mosi, na rekodi yake ilikuwa imeunganishwa na ya binamu yake. Amefariki alfajiri.

Mhandisi alirudi wodini akiwa hajui afanye nini na uso wake. Kicheko alikuwa ameegemea mito, mtoto kifuani.

"Wifi," alisema, "nasikia mfumo huu kabla haujawashwa kuna mtu anatia sahihi. Nani alitia?"

"Mimi."

Kicheko akamfunika mtoto vizuri, akasema, "Nipe maji hayo hapo," na mhandisi akampa.

Tume iliundwa. Mkurugenzi alimwita mhandisi kando kabla ya kikao cha kwanza. Alimwambia, bila kumtazama, kwamba orodha ile ya maswali ina mistari zaidi ya mia na hakuna mjumbe atakayeisoma yote. Mhandisi hakulala vizuri kwa siku mbili. Alikuwa na hofu ya kupoteza kazi, hofu ya kushtakiwa, hofu ya jinsi mama mkwe atakavyomtazama mezani. Siku ya kikao aliifungua orodha ukurasa wa tatu, akausoma mstari wa arobaini na moja kwa sauti, akasoma na neno aliloliandika mbele yake, na tarehe. Hakuna Shida aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma alisimama bila kuitwa, akasema kanuni ni yake. Hawakufungwa. Mhandisi aliondolewa uongozi wa mradi, akabakizwa kama mhandisi wa kawaida. Kijana aliacha kazi kampuni.

Kabla mfumo haujatengenezwa upya, mhandisi aliomba kwenda kumwona mjane wa seremala. Alimkuta uani anapanga mbao za marehemu kwa urefu. Mjane alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilimwambia yule sista," alisema mjane. "Nilimwambia mume wangu ana kadi ya zamani, kundi si hilo waliloandika. Kadi nilikuwa nayo kwenye pochi. Akasema, mama, siku hizi tunatumia kompyuta. Alikuwa na adabu. Nikaona labda wao wanajua zaidi." Alifuta vumbi la mbao mikononi. "Ningepiga kelele. Nilikuwa naogopa kuonekana mshamba."

Mhandisi alikaa naye mpaka mbao zote zikapangwa.

Mahitaji ya mfumo mpya yalipoandikwa, aliongeza moja ambalo kamati ililibishania wiki mbili: kwamba mgonjwa, ndugu yake, au mtu yeyote aliyepo chumbani akisema damu ifungwe, inafungwa kwanza, maswali baadaye. Wakamuuliza jambo la namna hiyo litapimwaje, maana yeye mwenyewe huwafundisha kwamba hitaji lisilopimika si hitaji. Alisema litapimwa kwa mtu wa kawaida kabisa, asiyevaa koti jeupe, katika wodi ya kweli, bila wahudumu kuarifiwa siku.

Walimchagua mfagiaji wa wodi, mwanamke mfupi mwenye aibu. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Chupa ilikuwa na maji yaliyotiwa rangi, na kitandani alilala daktari mwanafunzi aliyejitolea, ncha ya mrija imefichwa chini ya bandeji bila kuingia mwilini. Wahudumu hawakujua. Mhandisi alisimama karibu na sinki. Nesi akatundika chupa. Mfagiaji akashika fagio lake kwa mikono miwili, akatazama chini, akasema kwa sauti iliyosikika kwa shida, "Sista, hebu funga hiyo damu."

Nesi aligeuka. Ilionekana wazi kwamba hakupenda. Alimtazama mfagiaji kuanzia kandambili hadi kilemba, akavuta pumzi ya kumjibu. Kisha mkono wake ukapanda kwenye mrija, ukafunga.

"Haya," alisema. "Kuna nini?"

Mhandisi alitoka nje bila kungoja wenzake. Alishuka ngazi chache, akaketi pale pale kwenye ngazi, watu wakimpita kulia na kushoto wakienda kuwaona wagonjwa wao.